Harufu ya Mkojo Si Ugonjwa: Wahudumu wa Nyumba za Wazee Wafundishwe Nini?

Katika nyumba nyingi za kutunzia wazee nchini Marekani, safari ya dawa ya antibaiotiki haianzii kwa daktari, bali huanzia kwenye pampasi. Msaidizi wa muuguzi, ambaye Waswahili wa Massachusetts na Minnesota humwita CNA, anambadilisha bibi saa moja asubuhi, anasikia harufu kali, anaona mkojo umekoza rangi, kisha anapita mezani kwa muuguzi na kusema maneno machache tu: "Bibi wa chumba cha mwisho, mkojo wake unanuka." Muuguzi, mwenye wazee zaidi ya ishirini wa kuwaangalia, anampigia simu daktari ambaye hayupo jengoni, daktari anaagiza mkojo upelekwe maabara, maabara inaotesha bakteria na kuwapata, na siku ya tatu bibi ambaye hakuwa na homa wala maumivu anaanza kumeza vidonge vya wiki nzima.

Ukilifuatilia tukio hili hatua kwa hatua, hutamwona mzembe. Msaidizi aliona badiliko akaripoti, kama alivyoelekezwa. Muuguzi aliogopa kunyamazia jambo ambalo kesho lingeitwa kosa lake. Daktari, asiyemwona mgonjwa, alitegemea alichosikia, na maabara ilitoa jibu sahihi kwa swali ambalo halikustahili kuulizwa. Ndiyo sababu naona kwamba mjadala kuhusu kuwafundisha wahudumu wa nyumba za wazee kuzuia maambukizi ya njia ya mkojo, au UTI kama kila mtu anavyosema, umeelemea upande mmoja. Mafunzo yanashughulika sana na mikono ya mhudumu: aioshe vipi, apanguse kutoka wapi kwenda wapi, abadilishe glovu lini. Hayo ni ya lazima na nitayarudia hapa chini. Lakini mafunzo hayo yanagusa kidogo mno macho na kinywa chake, yaani kile anachokiona, namna anavyokitaja na mtu anayemsikiliza, ilhali hapo ndipo sehemu kubwa ya kile kinachoandikwa kuwa UTI katika nyumba hizi huzaliwa.

Jambo la kwanza ambalo mhudumu anapaswa kulielewa, na ambalo hata wauguzi wenye leseni hulisahau, ni kwamba kuwa na bakteria kwenye mkojo na kuugua ni mambo mawili tofauti. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani, kati ya robo na nusu ya wanawake wanaoishi katika nyumba za wazee, na kati ya asilimia 15 na 40 ya wanaume, hubeba bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote. Kwa mzee aliyewekewa mpira wa mkojo, yaani mrija unaoingizwa kibofuni ili kutoa mkojo, hesabu ni rahisi zaidi: kila siku mpira unapokaa ndani, uwezekano wa bakteria kujipenyeza ni asilimia 3 au zaidi, hivyo ukishatimia mwezi karibu kila mvaaji wa mpira anao. Kuwatibu wazee hawa kwa sababu tu maabara imepata kitu hakujaonekana kuwaongezea uhai wala kuwapunguzia tatizo la kujikojolea; bakteria hurudi, na wanaorudi mara nyingi ni wale walioizoea dawa.

Harufu nayo ina sababu zake nyingi. Mzee asiyekunywa maji ya kutosha mkojo wake hukoza na kunuka, aliyekula vyakula fulani au anayetumia dawa fulani hali kadhalika, na pampasi iliyokaa usiku kucha hunuka hata kama kibofu ni kizima kabisa. Mwaka 2001 jopo la wataalamu lililoongozwa na daktari wa Kanada, Mark Loeb, lilichapisha vigezo vya chini kabisa vya kuanzisha antibaiotiki kwa wazee wa nyumba hizi, na mpaka leo vigezo hivyo ndivyo msingi wa miongozo mingi. Kwa mzee asiye na mpira, ama awe na maumivu mapya wakati wa kukojoa, ama awe na homa inayozidi nyuzi 37.9 au iliyopanda nyuzi 1.5 juu ya hali yake ya kila siku, pamoja na angalau dalili moja mpya ya mkojo: kubanwa ghafla, kwenda haja ndogo mara kwa mara kuliko kawaida yake, maumivu chini ya kitovu, damu inayoonekana kwa macho, maumivu ya ubavuni kwenye figo, au kuanza kujikojolea. Kwa mwenye mpira, hutafutwa homa, maumivu mapya ya figo, kutetemeka kwa baridi kali, au kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla. Isome orodha hiyo mara mbili: hutaikuta harufu wala rangi iliyokoza.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kulitilia mkazo jambo hili, kwa kuwa Wakenya, Watanzania na Wakongo ni wengi miongoni mwa wanaofanya kazi hii Marekani, na wengi wao wamekulia mahali ambapo UTI ni jina la nyumbani. Nani kati yetu hajawahi kutoka zahanati, amekwenda kwa uchovu na kichwa kuuma, akapewa jibu la malaria ya wadudu watatu na UTI juu yake? Tumezoea kwamba kipimo kikisema ndiyo basi ugonjwa upo, na kwamba kurudi nyumbani bila dawa ni kutotibiwa. Mazoea hayo husafiri na mtu hata akivuka bahari. Akifika kwenye nyumba ya wazee ambako utamaduni wa wenyeji nao ni wa kukimbilia kipimo, mambo hayo mawili hukutana na kuimarishana, na mafunzo yasiyoyataja mazoea haya waziwazi hayatayang'oa.

Ugumu halisi uko kwenye kuchanganyikiwa. Wazee wengi katika nyumba hizi wana dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na mtu wa namna hiyo hana uwezo wa kusema "nahisi moto ninapokojoa". Atakataa chakula, atampiga mhudumu, atalala mchana kutwa, au ataita majina ya watu waliokufa zamani. Miongo mingi wahudumu wamefundishwa kwamba badiliko kama hilo ni UTI mpaka ithibitishwe vinginevyo, na familia nazo zimefundishwa hivyohivyo. Binti wa mzee anapiga simu akisema mama yake alikuwa hivi mwaka jana na ikaonekana ni UTI, kwa hiyo apimwe leo. Kwa kuwa kati ya robo na nusu ya akina mama hawa hubeba bakteria bila kuugua, kipimo kitamkubalia binti huyo mara nyingi anapokiomba, na siku mama atakapotulia, hata kama alitulia kwa sababu alipata choo baada ya siku nne, sifa itaiendea dawa. Namna hii imani hujithibitisha yenyewe kila mara, na hakuna hotuba ya darasani itakayoivunja kwa siku moja.

Simaanishi kwamba kuchanganyikiwa ghafla kupuuzwe. Ni dalili nzito, na ndiyo maana inastahili kuchunguzwa kwa upana badala ya kufungwa haraka kwa jina moja. Je, mzee amekunywa maji? Amepata choo lini? Kuna dawa mpya aliyoanzishwa wiki hii, hasa za usingizi au za maumivu? Ameanguka? Anapumua vizuri, ana kikohozi? Amelala usiku? Maumivu ya goti yake yametulizwa? Anayeweza kujibu maswali haya ni yule aliyemwogesha na kumlisha, si daktari aliye kwenye simu. Inasikitisha kwamba ukishampa mzee huyu antibaiotiki, uchunguzi wote huo husimama, kwa kuwa kila mtu anaamini jibu limepatikana, na kichomi kilichokuwa kinaanza kwenye pafu huendelea kukua kimyakimya. Isitoshe, siprofloksasini na ndugu zake, dawa zilizotumika sana kwa UTI, zenyewe zinaweza kumvuruga akili mzee na kudhuru kano za misuli yake, na karibu antibaiotiki yoyote inaweza kufungua mlango wa kuhara kukali kunakosababishwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye katika nyumba za wazee huua. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinakadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 75 ya antibaiotiki zinazotolewa katika nyumba hizi ama hazihitajiki ama hazitolewi ipasavyo.

Je, mafunzo husaidia? Ushahidi mkubwa zaidi ninaoujua ni mradi wa kitaifa ulioendeshwa kati ya mwaka 2014 na 2016 katika nyumba 404 za wazee kwenye majimbo mengi ya Marekani pamoja na mji mkuu na Puerto Rico, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017 na kundi lililoongozwa na Dkt. Lona Mody wa Chuo Kikuu cha Michigan. Wahudumu walifundishwa kuondoa mpira usiohitajika, kuuingiza kwa usafi kamili, kuutunza, na kupanga huduma ya wasioweza kuzuia mkojo. Sambamba na hayo, nyumba zilifundishwa mambo ya kibinadamu zaidi, kama vile uongozi, mawasiliano kati ya zamu, na kuzihusisha familia. Maambukizi yanayotokana na mpira yalishuka kutoka 6.42 hadi 3.33 kwa kila siku 1,000 za kuvaa mpira, baada ya hesabu kusawazishwa kwa tofauti za nyumba. Ni karibu nusu.

Hata hivyo, ndani ya taarifa hiyohiyo kuna namba mbili ambazo wasifiaji wa mradi huzipita haraka. Ya kwanza ni kwamba matumizi ya mpira yenyewe hayakupungua. Yalianza kwenye asilimia 4.5 na kumalizika kwenye 4.9. Somo lililotajwa kwanza, la kuutoa mpira, ndilo lililoshindwa kuonekana kwenye takwimu, pengine kwa sababu wengi wa waliobaki na mpira walikuwa na sababu ya kweli ya kuwa nao. Ya pili ni kwamba maagizo ya kuotesha mkojo yalishuka kwa takribani asilimia 15. Mwenye shaka atasema basi kilichopungua ni upimaji, si ugonjwa: usipopima huoni. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi, kwa sababu kupungua kwa vipimo kwa asilimia 15 hakuwezi peke yake kueleza kupungua kwa maambukizi kwa karibu nusu. Tena, nikisema kweli, upungufu huo wa vipimo siuoni kuwa dosari ya mradi. Mzee asiyepimwa bila sababu ni mzee asiyepewa dawa bila sababu, na hayo nayo ni matunda ya mafunzo. Mikono ilijifunza na vinywa vilijifunza. Takwimu zimeyachanganya hayo mawili, na ni juu yetu kuyatenganisha tunapopanga nini kifundishwe.

Swali la hatari ya kusubiri nalo limejibiwa kwa kiasi kikubwa. Loeb na wenzake walifanya jaribio katika nyumba 24 za Ontario nchini Kanada na Idaho nchini Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2005: nyumba ambazo wauguzi na madaktari wake walifundishwa kufuata vigezo hatua kwa hatua zilitumia antibaiotiki chache zaidi kwa UTI iliyoshukiwa, na hakukuonekana tofauti ya maana katika vifo wala katika wazee kupelekwa hospitali. Kusubiri kwa macho yaliyo wazi, huku mzee akinyweshwa na kupimwa joto kila baada ya saa chache, si kumtelekeza.

Sasa nirudi kwenye mikono, kwa kuwa maambukizi ya kweli yapo na yanaua, hasa yakipanda hadi kwenye figo au kuingia kwenye damu. Kuhusu mpira, makosa ninayoyaona kuwa ya hatari zaidi si yale makubwa yanayofundishwa kwa picha za kutisha, bali ni yale madogo ya harakaharaka. Mzee anahamishwa kwa mashine ya kunyanyulia kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, na mhudumu, ili mfuko usiburuzike, anauweka juu ya tumbo lake; kwa dakika hizo chache mkojo uliokwisha kutoka unarudi kibofuni ukiwa na kila kilichoota ndani ya mfuko. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, lakini usiguse sakafu. Mrija usijikunje wala kukaliwa. Ufungwe pajani ili usivute njia ya mkojo. Maungio yasifunguliwe ovyo. Mdomo wa mfuko usigusane na chombo cha kumwagia, na kila mzee awe na chombo chake, kwa sababu chombo kimoja kinachozungushwa vyumba sita ni njia ya uhakika ya kuwagawia wazee wote vijidudu vya mmoja. Glovu zilizosafisha kinyesi zisiguse mrija. Juu ya yote hayo liwepo swali ambalo msaidizi anapaswa kuruhusiwa kuliuliza bila kuonekana mjuaji: mzee huyu alirudi kutoka hospitali na mpira wiki tatu zilizopita, je, kuna anayejua kwa nini bado anao?

Kwa wasio na mpira, kinga kubwa ni maji na choo, vitu ambavyo havina mvuto wa kitaalamu na kwa hiyo hupewa slaidi moja. Wazee wengi hupunguza kunywa kwa makusudi, kwa kuogopa kujikojolea au kwa kuona aibu ya kumwita mhudumu mara ya tatu. Mwenye matatizo ya kumeza hupewa vinywaji vizito asivyovipenda na kuviacha. Jagi huwekwa upande ambao mkono wake umepooza. Nchini Uingereza, ambako pia Waafrika Mashariki si haba katika kazi hii, baadhi ya nyumba za Berkshire ziliweka mizunguko saba ya vinywaji kwa siku, kila mzunguko ukiwa na muda wake na mhudumu wake, na zikaripoti kupungua kwa UTI. Huko huko, mamlaka za afya zimeelekeza kwamba kijiti cha kupimia mkojo kisitumike kutambua UTI kwa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 65. Natamani maelekezo hayo mawili yangebandikwa pamoja ukutani: toa kikombe, ondoa kijiti. Ama vidonge vya tunda la kranberi, ambavyo familia nyingi hununua kwa bei ghali, jaribio lililofanywa kwa wanawake 185 wa nyumba za wazee huko Connecticut na kuchapishwa mwaka 2016 halikuona faida ya maana. Pesa hizo zinunue vikombe vyepesi vyenye mikono miwili.

Tatizo ni kwamba mizunguko saba ya vinywaji inahitaji watu. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1987 inadai msaidizi wa muuguzi apate angalau saa 75 za mafunzo kabla ya kusajiliwa na saa 12 kila mwaka baada ya hapo, na kanuni za karibuni zimeongeza kwamba kila nyumba iwe na mpango wa kusimamia antibaiotiki tangu mwaka 2017 na mtaalamu wa kuzuia maambukizi tangu 2019. Kwenye karatasi ni mfumo mzuri. Lakini utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba nyumba ya katikati kabisa, ukizipanga zote kwa kiwango cha wauguzi na wasaidizi wanaoondoka, ilipoteza na kubadilisha sawa na asilimia 94 ya watumishi hao ndani ya mwaka mmoja. Ukifundisha Januari, Desemba unazungumza na sura nyingine. Kwa hiyo semina ya mara moja kwa mwaka, na zaidi sana ile ya kubofya skrini usiku wa manane baada ya zamu mbili mfululizo ili cheti kitoke, haiwezi kuwa mafunzo. Ni kumbukumbu ya ukaguzi. Kinachobaki kwenye nyumba ambayo watu wake hawabaki ni desturi ya kazi: namna zamu inavyokabidhiana, kinachoulizwa kila asubuhi, na mhudumu mkongwe anayemwonyesha mgeni kitandani, kwa dakika tano, namna ya kuushika mfuko.

Kuna jambo jingine ambalo waandaaji wa mitaala, kwa kutowajua wanaowafundisha, hawaligusi. Msichana aliyelelewa Tabora au Kisii amefundishwa tangu utotoni kwamba sehemu za siri za mtu mzima hazitajwi, na kwamba mkubwa haulizwi habari za haja yake. Kiswahili chenyewe kimejaa maneno ya kusitiri. Leo anatakiwa amuulize babu wa miaka 88, kwa Kiingereza, kama anapokojoa anaumia na ni wapi hasa. Ataona ni rahisi zaidi kuripoti harufu, kwa sababu harufu haihitaji mazungumzo. Hilo halitibiwi kwa kumpa karatasi ya vigezo. Linahitaji kufanyiwa mazoezi kwa sauti, watu wawili wawili, mpaka maneno yazoeleke mdomoni, na linahitaji muuguzi ambaye msaidizi akimwambia "sidhani kama anahitaji kipimo, nimpe maji kwanza" hatamjibu kwamba hiyo si kazi yake.

Turudi kwa bibi wa chumba cha mwisho. Msaidizi yuleyule, akiwa amefundishwa, angepita mezani na kusema: "Mkojo wake umekoza. Joto ni 36.8, sawa na jana. Nimemuuliza, hasikii maumivu, na nimembonyeza chini ya kitovu hakushtuka. Tangu jana mchana amekunywa vikombe viwili, na choo hajapata tangu Jumapili. Nimempa maji, nitampa tena saa nne, na saa sita nitampima joto upya." Kauli hiyo huchukua chini ya dakika moja kuitoa. Katika fomu za kukabidhiana zamu, mara nyingi kuna nafasi ya matokeo ya maabara na nafasi ya agizo la daktari, lakini hakuna mstari wa vikombe alivyokunywa mzee wala wa jina la msaidizi aliyemwona, na nyumba inayotafuta pa kuanzia inaweza kuichapisha fomu yake upya kesho asubuhi.